Moto wa Bibi Haukutoka Bure

Haya, nyie wote mliomo humu saluni, mliokaa chini ya draya lililozima, mliosukwa nusu kichwa, na wewe uliyesimama mlangoni unajifanya unasubiri taksi: ingieni, kaeni, mnipe masikio. Umeme umekatika hapa Joburg, Yeoville nzima. Robot, zile taa za kuongoza magari pale kona, imezima na madereva wanatukanana kwa lugha zote za nchi hii, pamoja na mbili wanazozitunga hapo hapo. Muziki hakuna, televisheni hakuna. Mmebaki na mimi tu, na mdomo wangu hautumii umeme.

Mmeona kilichotokea sasa hivi? Msichana wa duka la simu hapo jirani kaingia. "Auntie, kiberiti." Nimempa. Kawasha gesi yake huko, karudisha, "Sharp, auntie," kaenda zake. Basi! Hakuna nani anaumwa, hakuna nani kahama, hakuna nani kaonekana akitoka kwa nani. Kabeba moto wangu bure kama kaokota barabarani. Huyo angekuwa kwa bibi yangu, angetafuna unga mkavu mpaka leo.

Mimi kwetu Kigoma, lakini si ile Kigoma ya ziwani mnayoijua kwa dagaa na migebuka. Kwetu ni juu milimani, karibu kabisa na Burundi. Jogoo akiwika Burundi, sisi ndio tunaoamka. Na baridi ya kule, acheni. Mnalalamika baridi ya Joburg mwezi wa saba, mnavaa mablanketi kama maharusi. Kwetu ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito hivi kwamba mama alikuwa anausukuma kwa ufagio ili aone mlango wa zizi. Niulize mimi. Nimeushika ufagio wenyewe.

Kilima chetu kilikuwa kidogo. Ukipiga chafya huku, mtu wa mwisho kule anakupa pole. Lakini kila kipande kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na kesi yake. Palikuwa na Jiwe la Mkwe, kwa sababu bwana mmoja alikaa juu yake siku tatu akiona aibu kuingia kwa wakwe zake mikono mitupu, mpaka mama mkwe akamletea chakula pale pale jiweni na kumwambia kama anataka kuhamia hapo aezeke. Palikuwa na Kona ya Fisi, ambapo fisi alimpokonya mama mmoja chungu kichwani. Chungu cha nyama? Hapana, cha maharage! Fisi wa kwetu walikuwa na mfungo wao. Palikuwa na Chemchemi ya Kimya, ukichota maji pale hufungui mdomo, kwa sababu mwenye maji amelala. Mwenye maji ni nani, sikuwahi kuambiwa, ila ni mahali pekee duniani nilipoona wanawake ishirini wamenyamaza kwa pamoja. Mimi niliumwa tumbo kila nikitoka huko, maneno yamejaa.

Leo naishi kwenye mtaa wenye jina la mtu nisiyemjua. Nimewauliza wote kwenye hili jengo. Hakuna anayejua alikaa kwenye jiwe gani.

Sasa bibi. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kilima, na ndani yake kulikuwa na moto. Mtasema kila nyumba ina moto. Subirini. Miaka ile kiberiti kilikuwa adimu, duka lina rafu na mwenye duka, vitu hakuna. Kwa hiyo kilima kizima kilichukua moto kwa bibi. Ule moto kwenye mafiga yake matatu haukuwahi kuzimika tangu dunia inaumbwa. Mwenyewe alikuwa anasema Mungu alipotaka kuwasha jua alituma mtu kwake na kigae.

Kila alfajiri watoto walipanga mstari mlangoni, kila mmoja na kigae chake mkononi na majivu kidogo ndani ili kaa la moto lisimuunguze. Wanatetemeka, pua zinatoka, wananukia moshi na maziwa ya mgando. Lakini moto wa bibi haukutoka bure. Ulilipwa kwa habari. Habari moja, mpya, uliyoiona kwa macho yako. Ya kusikia haipokelewi. Unatoa habari, bibi anaipima, anakutilia kaa. Habari ndogo, kaa dogo. Habari nono, kaa nono. Halafu ile habari yako anampa mtoto anayefuata aende nayo kwao. Kwa hiyo jua likitoka, kilima kizima kinapika kwa moto mmoja na kinatafuna habari moja. Bibi nyonga ilikuwa mbovu, alikuwa hatoki nje ya ua, lakini ukimtukana mumeo jogoo wa kwanza akiwika, jogoo wa pili akiwika bibi anajua ulimwita nani.

Na sheria ilikuwa na meno. Mwenye moto akitoa uongo, hata kama kadanganywa, anamwaga maji kwenye mafiga yake kwa mkono wake mwenyewe, watu wanaangalia. Halafu anachukua kigae kama mtoto na kwenda kuomba moto nyumba nyingine. Moto unahama, na heshima inahama nao. Ndivyo moto ulivyofika kwa bibi yangu zamani. Ulitoka kwa mke mwenza wake, yule tuliyemwita bibi mdogo, aliyekuwa mkunga wa kilima na alikaa chini yetu kidogo. Kwa miaka thelathini bibi mdogo alikuwa anangoja bibi yangu akosee. Kila wakikutana ni "dada" hivi, "dada" vile, tamu kama asali, lakini macho yake yanaangalia mafiga.

Hapo sasa ndipo wivu wangu unapoingia, na nawaambia mapema, haujatoka.

Bibi mdogo alikuwa na mjukuu wa kike, umri wangu, miaka minane. Kembamba, ukikaangalia kwa ubavu hukaoni. Lakini kalikuwa na macho! Mimi nilikuwa naona ng'ombe, kenyewe kanaona kwato ya nyuma ya kushoto imepasuka. Kanaingia na kigae chake, kanasema taratibu, "Bibi, kwa mzee wa juu leo moshi umetoka mlangoni, haukutoka paani." Bibi anafumba macho. "Kahamishia jiko sebuleni. Mkewe anaumwa, hataki alale kwenye baridi. Pelekeni uji." Na kweli, ukienda unakuta mke anaumwa. Kwa kitu gani? Kwa moshi!

Bibi yangu akawa anakasubiri kale katoto kama mvua. Hata nyumba nyingine zikichelewa hajali, ila mjukuu wa mke mwenza akichelewa anauliza. Mke mwenza, jamani! Adui wa nyumba! Halafu, sikilizeni uchungu huu: kila jioni bibi alikuwa anafukia kiazi kitamu kwenye majivu ya moto. Kimoja tu. Asubuhi kimeiva, ganda limekunjamana, sukari imetoka imeganda pembeni kama gundi. Kiazi hicho ni cha mwenye habari bora ya siku. Na mimi nililala pembeni ya majivu yale, nilisikia harufu yake usiku mzima, asubuhi kinaenda nyumba ya pili! Nilikonda kwa wivu. Mnaniona hivi nilivyo leo, sipiti mlango wa taksi ila kwa ubavu? Mwaka ule kuku walinidhania mtama.

Nikasema na mimi nitaleta habari. Nikatoka nje, nikaangalia mpaka macho yakauma. Nikarudi. "Bibi, mbuzi wetu kakohoa."

Bibi akanitazama. "Halafu?"

"Halafu kanyamaza."

Watoto wote mlangoni wakacheka. Kale kembamba hakakucheka. Kalinionea huruma. Ndiyo maana nilikachukia zaidi.

Sasa kulikuwa na mwalimu wa shule, kapangishiwa nyumba upande wa chemchemi, na mkewe alikuwa mjamzito, tumbo linafika kwanza, yeye anafika kesho yake. Asubuhi moja kale katoto kakaingia na kigae. "Bibi, jana jioni mke wa mwalimu hakuinama kuchota maji. Kapiga magoti."

Bibi akaweka koleo chini. "Kapiga magoti?"

"Magoti yote mawili, bibi. Halafu kashika kiuno kwa nyuma."

"Mtoto kashuka," bibi akasema. "Ni leo au kesho. Ah, wewe! Wewe ni jicho langu!" Akachokoa majivu, akakatolea kiazi.

Jicho langu! Mimi wa damu yake, ninayemkuna mgongo, ninayemtolea funza, sijawahi kuitwa hata ukucha! Kitu kikapanda hapa kifuani, kikafika kooni, kikafungua mdomo chenyewe.

"Mbona keshajifungua!" nikasema. "Nimetoka kuokota kuni sasa hivi, nimeona. Mapacha!"

Msiniulize kwa nini mapacha. Mtoto mmoja asingetosha kukishinda kile kiazi.

Bibi akageuka polepole. "Umeona kwa macho yako?"

"Kwa haya mawili, bibi. Kila jicho limeona mmoja."

Akaniangalia, na uso wake ukafunguka. Alinifurahia. Mimi! Akanipapasa kichwa, akaanza kutoa makaa. Na kila kaa likatoka na mapacha wangu. Nikasimama pale kama mke wa mkuu wa wilaya.

Sikujua nimewasha nini. Kwetu mapacha hawangojewi. Ukisikia tu, unaenda asubuhi hiyo hiyo, vinginevyo wanaona wamedharauliwa wanarudi walikotoka. Unaenda na kila kitu viwili: vikapu viwili vya unga, vibuyu viwili vya pombe ya ndizi, kuku wawili. Na unaenda ukiimba zile nyimbo za mapacha, ambazo siwezi kuziimba hapa kwa sababu mama mchungaji kakaa pale na taulo kichwani. Ila niseme tu, nyimbo zile zinamsifu baba wa mapacha kwa kazi aliyoifanya, na zinaieleza hatua kwa hatua.

Kilima kizima kikateremka. Watu elfu kumi! Haya, basi, mia. Haya, themanini na kuku wao. Wakafika kwa mwalimu wanaimba. Mwalimu katoka na fulana, povu la sabuni upande mmoja wa uso, wembe mkononi, anasikia anavyosifiwa. Nyuma yake katoka mkewe, kashika ufagio. Na tumbo lake, kama jana.

Wimbo ukafa mstari kwa mstari. Mama mmoja kipofu ndiye aliyebaki anaimba peke yake, ubeti mbaya kuliko yote, mpaka akakanyagwa mguu.

"Jamani, kuna nini?" mwalimu akauliza.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Mapacha!"

Mwalimu akamwangalia mkewe kana kwamba kuna jambo hajaambiwa.

Bibi mdogo akapita mbele. Hakupaza sauti. Aliitengeneza kwanza, akailainisha. "Habari hii imetoka wapi?"

"Kwenye moto," watu wakajibu.

Na bibi yangu ndiyo kwanza anafika. Yule ambaye hatoki nje ya ua! Kaja na fimbo, na ile nyonga mbovu, hatua moja, pumzi tatu, kaja kuwaona mapacha wa mjukuu wake. Watu wakampisha. Akaona tumbo. Akaona ufagio.

"Dada," bibi mdogo akasema, "moto wako umedanganya."

Nimeona watu wakivunjikiwa na mengi hapa Joburg. Nimeona mtu anaibiwa simu pale Marshalltown huku anaongea nayo, akabaki kashika sikio. Lakini sijaona uso kama wa bibi asubuhi ile. Kilima kizima kilikuwa kinamwangalia. Akinikana, kamfedhehesha mjukuu wake, na mafiga yanakwenda vile vile. Akinitetea, kaubeba uongo wangu. Akaniangalia mimi.

"Uliona?"

Hapo nilitakiwa nilie niseme ukweli. Lakini kale kembamba kalikuwa kamesimama pale mbele, na kiazi mkononi!

"Niliona, bibi."

Akajua. Bibi alijua, nawaapia. Akainua fimbo akaelekeza tumboni kwa mke wa mwalimu. "Mjukuu wangu kasema kaona wawili. Basi tungojee. Wakitoka wawili, katangulia kuona tu. Akitoka mmoja, leo hii namwaga maji kwa mkono wangu."

Mke wa mwalimu alikuwa amejizuia tangu wimbo. Hapo akashindwa. Akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikabadilika sauti, akashika kiuno. Bibi mdogo akamwona, akakunja kanga, akamwingiza ndani.

Hivi mnaelewa? Moto wa bibi yangu ulikuwa mikononi mwa mke mwenza! Mimi niliwaza, hata wakitoka watatu yule mama atawaficha wawili kapuni.

Tukakaa uani. Jua likapanda. Watu wakafungua vibuyu vya pombe, maana kusubiri ni kazi. Bibi kakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anazungusha fimbo. Mimi nilijificha nyuma ya banda la kuku. Kale katoto kakanifuata, kakachuchumaa pembeni.

"Nilipita kwao kabla ya kuja kwenu," kakasema. "Nilimwona anafagia."

"Ulijua nadanganya?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Sheria ni habari moja. Yangu nilikuwa nimeshatoa."

Halafu kakakata kiazi katikati, kakanipa nusu. Kiazi cha bibi yangu, kutoka majivu niliyolala nayo, kananigawia mimi! Nilitaka kukazaba kofi. Nikala. Kilikuwa kitamu, na utamu wake uliniuma kuliko njaa.

Jua lilipofika utosini mtoto akalia ndani. Uani wote wakasimama. Tukahesabu kilio. Kimoja. Tukangoja. Mtu mmoja akasema nimesikia cha pili, kumbe ni mbuzi. Bibi mdogo akatoka, mikono imelowa, uso unang'aa kama karai jipya.

"Mmoja," akasema. "Msichana. Mzima." Akangoja kidogo, aionje. "Na wa pili, dada, yuko wapi? Au tuchukue mtungi twende kwako?"

Ngojeni ninywe maji.

Hapana, ngojeni. Niwaambie kwanza kilichofuata, kwa sababu kilichofuata ndicho kinachonila mpaka leo. Moto haukumwagiwa maji. Bibi alijibu neno moja, na kilima kikacheka hivi kwamba bibi mdogo mwenyewe alikaa chini kwenye matope akafuta machozi kwa mikono ile ile iliyolowa, na mtu mzima akicheka na wewe hawezi tena kukuzimia moto. Lakini mimi nilipewa adhabu. Miezi miwili nilikaa kwa mwalimu, nafua nepi, nabembeleza mtoto, nachota maji pale Chemchemi ya Kimya bila kufungua mdomo. Na nani alikaa nafasi yangu kwa bibi, akimkuna mgongo, akilala pembeni ya majivu? Mnamjua.

Na hakuondoka tena. Mimi nilikua, nikapanda basi, nikapanda lori, nikapanda mabasi mengine mpaka nikaishiwa nchi, nikafika hapa. Yeye alibaki. Bibi alipoumwa ni yeye aliyemlisha uji. Bibi alipokufa ni yeye aliyemfumba macho, mimi nilikuwa hapa hapa nasuka kichwa cha bibi harusi, nalia juu ya nywele za mtu. Sasa nguzo za umeme zimefika kilimani. Kila nyumba ina kiberiti chake, wengine wana gesi. Alfajiri hakuna mtoto anayebisha mlango wa jirani na kigae. Wanangu waliozaliwa hapa nikiwaambia Kona ya Fisi wananijibu kwa Kizulu, wanauliza iko karibu na duka gani la spaza.

Mafiga ya bibi anayo yeye. Matatu yote. Kayahamishia kwake, anapikia. Nikimpigia simu namwambia, dada, mimi nina saluni, nina geti la chuma, nina maji ya moto yanatoka ukutani. Anacheka taratibu, halafu ananipa habari moja. Moja tu, aliyoiona kwa macho yake. "Leo ukungu umechelewa kuondoka kwenye Jiwe la Mkwe." Nakata simu nalia. Kwa nini anayeuona ukungu ule ni yeye? Ningebadilishana naye kesho. Hata leo, nikimaliza hiki kichwa.

"Yaya, weee!" Huyu mama wa Bukavu hapa mikononi mwangu, anayeniita yaya, yaani dada yake mkubwa, kageuka mpaka nywele zimeniponyoka. "Utatuuwa na roho! Koko yako alisemaka nini?"

Koko, yaani bibi yangu, aliinuka pale kwenye kinu. Akanikamata sikio, akanivuta kutoka banda la kuku mpaka mlangoni kwa mzazi, watu themanini wanaangalia, akanisukuma mbele ya mke mwenza wake na kupayuka:

"Wa pili huyu hapa, kazaliwa mapema! Mpeni ziwa anyamaze!"